Moto Huzaa Majivu: Historia ya Dohani ya Jua Bandia

Wahenga walisema kwamba moto huzaa majivu. Kwa kawaida methali hii humsema mtoto aliyeshindwa kufikia sifa za mzazi wake. Leo naomba tuichukue kwa maana yake ya wazi kabisa: kila moto, hata ule unaosifiwa kuwa safi kuliko yote, huacha kitu nyuma yake, na mtu anayejenga jiko bila kufikiri majivu yatatolewa wapi bado hajajenga jiko.

Kwa zaidi ya miaka 70 mataifa yenye uwezo yamekuwa yakijaribu kuwasha hapa duniani moto wa aina ile inayowaka ndani ya jua. Habari zake hutufikia kwa vipindi, na karibu kila mara kwa lugha ya ushindi: rekodi mpya ya joto, rekodi mpya ya muda, nishati isiyokwisha i karibu kufika. Wanafunzi huniuliza, na watumishi wa umma huniuliza vilevile: itafika lini? Swali hilo si baya, ila lina ndugu yake ambaye haulizwi. Joto na majivu ya moto huo yatatokea wapi, na ukuta utakaoyapokea utadumu kwa muda gani?

Makala haya ni historia ya swali hilo la pili. Nalileta kwenye ukurasa huu wa mambo ya siasa na jamii kwa sababu naamini linatufundisha jambo kuhusu miradi yote mikubwa ya umma, na si ya nishati peke yake.

Moto wenyewe

Njia ambayo wanasayansi wengi wameichagua ni kuunganisha aina mbili nzito za hidrojeni, yaani deuteriamu na tritiamu. Viini vyake vikikutana katika joto la zaidi ya nyuzi milioni 100 za Selsiasi, huungana na kuzaa kiini kimoja cha heliamu pamoja na nyutroni moja. Asilimia 80 ya nishati inayozaliwa huondoka na nyutroni. Hiyo haina chaji ya umeme, haishikiki kwa sumaku, na hupenya moja kwa moja hadi ndani ya ukuta, ambako joto lake linaweza kuvunwa. Asilimia 20 hubaki kwa heliamu, ambayo ina chaji. Basi hubaki ndani ya moto na kuupasha. Ikishamaliza kazi hiyo, heliamu inakuwa majivu. Isipotolewa, huchukua nafasi ya kuni mpya, na moto hufifia wenyewe, kama jiko la mkaa lililojaa majivu hadi hewa ikakosa pa kupita.

Gesi iliyofikia joto hilo huitwa plazma, au utegili kama wanavyoiita baadhi ya wataalamu wetu wa lugha. Hakuna chombo kinachoweza kuigusa, kwa hiyo huning'inizwa katikati ya uga wa sumaku, ndani ya chumba chenye umbo la andazi lenye tundu katikati. Hata hivyo, tundu la sumaku huvuja. Chembe hupenya taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni, na kila wati iliyotumika kuupasha moto lazima hatimaye itoke nje.

Tuchukue mfano wa tanuri la ITER, linalojengwa kusini mwa Ufaransa. Shabaha yake ni kuzalisha megawati 500 za nishati ya myeyungano wa viini. Katika hizo, megawati 100 hubaki kwa heliamu. Ongeza megawati 50 za kupasha kutoka nje, unapata megawati 150 ambazo haziondoki na nyutroni. Lazima zipite ukingoni mwa plazma. Nazo hazitoki kwa kutawanyika sawasawa kama joto la chungu. Hufuata mistari ya sumaku, katika tabaka jembamba sana, na kuangukia ukanda mwembamba wa ukuta. Hapo ndipo penye tatizo letu.

Wazo lililozaliwa mapema

Mnamo Machi 1951 Rais Juan Perón wa Argentina aliutangazia ulimwengu kwamba mwanasayansi wake, Ronald Richter, alikuwa amefanikiwa kuudhibiti moto wa jua katika maabara yaliyojengwa kwenye kisiwa cha ziwani. Tangazo hilo halikuwa na ukweli. Lakini habari yake ilimfikia Lyman Spitzer, mtaalamu wa nyota wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, na kumfanya ajiulize jinsi jambo hilo lingeweza kufanyika kweli. Uongo wa ikulu moja ukawa kichocheo cha sayansi ya kweli mahali pengine. Mwaka huohuo, chini ya pazia la siri za kijeshi, Spitzer alianzisha mradi uliopewa jina la Matterhorn na kubuni mashine aliyoiita stelareta.

La kutia maanani ni kwamba katika mwaka huohuo wa kwanza Spitzer aliwaza pia juu ya majivu. Alipendekeza mistari ya sumaku iliyo ukingoni kabisa mwa plazma ichepushwe, itolewe nje ya chumba kikuu na kupelekwa kwenye chumba cha pembeni. Huko uchafu ungepoa, ungegeuka gesi ya kawaida na kunyonywa kwa pampu. Wataalamu wanakiita kifaa hicho divata. Mimi nitakiita dohani, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya dohani ya meli au ya kiwanda.

Kufikia mwaka 1958, mataifa makubwa yalipokutana Geneva na kufunuliana siri zao za utafiti huu, watu wa Princeton walikuwa wameshaonyesha katika mashine ndogo kwamba dohani hupunguza uchafu ndani ya plazma. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tatizo la majivu lilisahauliwa kwa sababu hakuna aliyelijua. Lilijulikana tangu siku ya kwanza. Liliwekwa kando kwa sababu dohani hula nafasi na fedha, na mioto ya wakati ule ilikuwa midogo na ya kupita upesi. Moto wa kiberiti hauhitaji dohani.

Chuma kilichozima moto

Mwaka 1968, katika mkutano uliofanyika Novosibirsk, Lev Artsimovich na wenzake wa Umoja wa Kisovieti walitangaza kwamba mashine yao ya T-3, ya aina ya tokamaki, ilikuwa imefikia joto ambalo wengine hawakulikaribia. Watu wa Magharibi walitia shaka. Mwaka 1969, katikati ya Vita Baridi, timu ya Waingereza kutoka Culham ilikwenda Moscow na kifaa chake cha leza, ikapima, ikakuta Warusi wanasema kweli. Tangu hapo tokamaki ikawa njia kuu.

Katika mashine hizo ukingo wa plazma uliwekwa kwa njia rahisi: kipande cha chuma kigumu kilichojitokeza ndani ya chumba na kuipokea plazma kabla haijagusa ukuta. Uchaguzi wa chuma ulionekana wazi. Tangsteni, ambayo baadhi ya watu huiita wolframu, huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, kiwango kisichofikiwa na metali nyingine yoyote. Ni nani angechagua kitu kingine mbele ya moto?

Lakini ukuta una njia mbili za kushindwa. Ya kwanza ni kuyeyuka, na hiyo huonekana kwa macho. Ya pili ni kumomonyoka: ioni zenye kasi huugonga uso wa ukuta na kubandua atomu moja moja, kama mawimbi yanavyolamba jiwe la ufukweni. Atomu hizo huingia ndani ya moto. Atomu ya tangsteni ina elektroni 74, na hata katika joto la mamilioni ya nyuzi haivuliwi zote. Zile zinazobaki hutoa mnururisho mfululizo na kutapanya joto la plazma. Atomu chache za tangsteni katika kila 100,000 zinatosha kuleta madhara makubwa.

Hilo lilidhihirika Princeton katika miaka ya 1970, kwenye mashine ya PLT. Ilipotumia tangsteni, katikati ya plazma palipoa kuliko pembeni. Watafiti wakaondoa tangsteni na kuweka grafiti, ambayo ni kaboni. Kaboni ina elektroni 6 tu, huvuliwa zote kabla ya kufika katikati ya moto, na haiyeyuki. Ikizidiwa na joto hugeuka moja kwa moja kuwa mvuke. Mwaka 1978 PLT ilifikia nyuzi milioni 60. Tangsteni ikafukuzwa, na kaboni ikatawala kwa takriban miaka 30.

Dohani yarudi

Wakati huo wazo la Spitzer lilikuwa limeanza kufufuka. Japani ilikuwa na mashine ndogo iliyoitwa DIVA katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1980 Ujerumani iliwasha ASDEX huko Garching, karibu na Munich, tokamaki iliyojengwa mahsusi kwa ajili ya kuijaribu dohani. Mwezi Februari 1982 Friedrich Wagner aliona jambo lisilotarajiwa: kwa ghafla plazma ilianza kulihifadhi joto lake kwa takriban mara mbili ya ilivyozoeleka. Hali hiyo mpya, inayoitwa hali ya H, ndiyo msingi wa hesabu za ITER hadi leo. Dohani iliyojengwa ili kutoa uchafu ilikuwa imeuboresha moto wenyewe.

Hata hivyo kila neema huja na masharti. Katika hali ya H ukingo wa plazma hujikaza kama kifuniko juu ya sufuria inayochemka, kisha kila baada ya muda kifuniko huinuka na pumzi kali ya joto hutoka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katika mashine ndogo pumzi hizo hazidhuru. Katika mashine kubwa zinaweza kuupasua na kuuyeyusha uso wa ukuta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa mashine ya DIII-D huko San Diego na wengineo wamekuwa wakitumia sumaku ndogo za ziada kuuvuruga ukingo kidogo ili joto livuje polepole badala ya kulipuka.

Wakati ASDEX inagundua faida ya dohani, mashine kubwa ya Ulaya, JET, ilikuwa inakamilishwa huko Culham, Uingereza. Ilibuniwa katika miaka ya 1970 na kuwashwa Juni 1983 bila dohani. Mnamo Novemba 1991 ilitumia tritiamu kwa mara ya kwanza na kuzalisha megawati zaidi ya moja. Lakini mashuti yake bora yalikatizwa na ukuta wenyewe: kingo za vigae zilipata moto kupita kiasi, kaboni ikafumka na kuisonga plazma. Mkandarasi wa nyumba angesema kwamba jengo limekamilika na sasa inabidi libomolewe ndani ili kuwekewa bomba. Ndivyo ilivyofanyika. JET ilisimamishwa, matumbo yake yakapangwa upya, na mwaka 1994 ikawashwa ikiwa na dohani chini ya chumba. Mwaka 1997 ilifikia megawati 16, rekodi iliyosimama kwa muda mrefu.

Kaboni iliyomeza kuni

Hapo ndipo kaboni ilipodhihirisha upande wake mwingine. Kaboni na hidrojeni hupendana kikemia. Plazma ilikuwa ikiumomonyoa ukuta wa kaboni, kaboni hiyo ikasafiri, ikaganda kama masizi kwenye pembe za baridi za dohani, na ndani ya masizi hayo ikafungiwa tritiamu. JET na mashine ya TFTR ya Princeton zote mbili zilikuta sehemu kubwa ya tritiamu yao imekwama ukutani.

Jambo hili si dogo. Tritiamu ni nururifu, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, na haipatikani kwa wingi popote duniani. Tanuri linalotegemea kuzalisha kuni zake lenyewe haliwezi kukubali ukuta unaozila kuni hizo. Na kwa upande wa usalama, mamlaka za udhibiti haziwezi kuruhusu kiasi kikubwa cha dutu nururifu kijirundike mahali kisipofikika.

Basi tangsteni ikaitwa tena. ASDEX Upgrade ya Garching ilibadilisha vigae vyake hatua kwa hatua hadi mwaka 2007 chumba kizima kikawa cha tangsteni. JET ikaondoa kaboni na kurudi kazini mwaka 2011 ikiwa na berili ukutani na tangsteni katika dohani. Kuni zilizokwama zilipungua zaidi ya mara kumi. Lakini gharama nayo ilionekana: plazma iliyokuwa imezoea kaboni ilihifadhi joto vibaya kuliko awali, na watafiti walitumia miaka kadhaa kujifunza kuiendesha upya.

Mwaka 2013 JET ilifanya jaribio ambalo mhasibu yeyote angelipinga. Kipande cha tangsteni katika dohani kiliachwa kwa makusudi kikiwa kimejitokeza kuliko jirani zake, kisha kikachomwa hadi kikayeyuka kidogo, ili ijulikane kama kuyeyuka kwa namna hiyo kungeuvuruga moto mzima. Haukuvurugika. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa hoja zilizoifanya ITER iamue mwaka huohuo kuacha mpango wa kuanza na dohani ya kaboni kisha kuibadilisha, na badala yake ianze na tangsteni tangu mwanzo. Uamuzi huo uliokoa gharama ya dohani moja nzima. Dohani hiyo ina kaseti 54, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 10.

Upana wa milimita moja

Nafika sasa kwenye sehemu ya historia hii ninayoiheshimu kuliko zote. Kuanzia mwaka 2011 Thomas Eich wa Garching na wenzake walikusanya vipimo kutoka mashine kadhaa za ukubwa tofauti, wakitumia kamera zinazoona joto. Walitaka kujua tabaka lile jembamba linalobeba joto ukingoni lina upana gani. Wengi walitarajia kwamba mashine ikiwa kubwa, tabaka nalo hupanuka. Vipimo vilikataa. Upana haukuongezeka pamoja na mashine. Ulipungua kadiri uga wa sumaku unaotokana na mkondo wa plazma ulivyokuwa na nguvu. Kwa ITER, hesabu hiyo ilitoa takriban milimita moja, wakati wabunifu walikuwa wameishi na matarajio ya milimita kadhaa.

Tufanye hesabu ya darasani. Mzingo wa plazma ya ITER kwa upande wa nje ni kama mita 50. Zidisha kwa milimita moja, unapata mita ya mraba 0.05. Hiyo ni ndogo kuliko karatasi ya A4. Makumi ya megawati yanapita kwenye mlango wenye eneo hilo.

Kwa bahati nzuri mistari ya sumaku hutawanyika kiasi inapokaribia dohani, na bamba za dohani huinamishwa ili joto liangukie eneo pana zaidi. Hata hivyo, vigae bora vya tangsteni vilivyoshikizwa kwenye mabomba ya aloi ya shaba yenye maji ya kasi hubuniwa kustahimili megawati 10 kwa kila mita ya mraba kwa mfululizo, na 20 kwa muda mfupi. Jua la mchana mkali hulipiga paa la bati kwa takriban kilowati moja kwa mita ya mraba. Dohani basi hupokea mara 10,000 ya hilo. Uso wa jua lenyewe hutoa karibu megawati 63 kwa mita ya mraba.

Njia ya kujiokoa ni kulitapanya joto kabla halijafika. Gesi kama nitrojeni, neoni au argoni hupulizwa kidogo karibu na dohani. Huko hung'aa na kugeuza mto wa joto kuwa mwanga unaotawanyika pande zote, hadi plazma inapoa na kujibandua na bamba. Uchafu uliokuwa adui katikati ya moto unakuwa rafiki ukingoni, mradi usirudi ndani. Wengine wamelibadilisha umbo la dohani lenyewe. Huko Culham mashine ya MAST Upgrade, iliyowashwa mwaka 2020, ina dohani ndefu iliyopindwa kwenda nje, na mwaka 2021 ilionyesha kwamba joto linalofika kwenye bamba linaweza kupungua angalau mara kumi. Mashine hiyo ni ndogo, na kuihamisha mbinu hiyo kwenye tanuri kubwa ni kazi nyingine.

Kwa nini naiheshimu sehemu hii? Kwa sababu namba ya milimita moja ilikuwa habari mbaya kwa mradi ambao tayari ulikuwa umetiwa saini na wanachama saba mwaka 2006, na ambao mabilioni ya fedha za umma yalikuwa yameshaahidiwa kwake. Waliochapisha namba hiyo walikuwa watu wa ndani ya utafiti huohuo. Haikufichwa kabatini. Ilijadiliwa, ikapingwa, baadhi ya mifano ya kompyuta ilikuja baadaye kudai kwamba ITER itakuwa na tabaka pana zaidi, na mjadala huo utaamuliwa na ITER yenyewe itakapowaka. Taasisi inayoweza kujiambia habari mbaya kwa maandishi na bila kumwinda aliyezileta ina rasilimali ambayo fedha haiwezi kuinunua.

Ukuta unaobadilishwa njiani

Mwaka 2023 ITER ilipendekeza badiliko jingine kubwa, na mwaka 2024 likaingizwa katika mpango mpya uliowekwa wazi: berili iliyokusudiwa kufunika ukuta mkuu iondolewe, na mahali pake iwekwe tangsteni. Berili humomonyoka upesi na vumbi lake ni sumu kwa wafanyakazi. Katika mpango huohuo mwanzo wa kazi za utafiti ulisogezwa hadi mwaka 2034.

JET yenyewe ilizimwa Desemba 2023, baada ya miaka 40. Mnamo Oktoba mwaka huo ilitoa megajouli 69 katika sekunde chache, ikitumia miligramu 0.2 tu za kuni. Katika siku zake za mwisho watafiti waliielekeza kwa makusudi miali ya elektroni kwenye ukuta wake wa ndani, ili waone uharibifu unavyokuwa. Hata kifo cha mashine kilifanywa kuwa somo la ukuta.

Mwanzoni mwa 2025 zilikuja habari za muda. EAST ya China ilidumisha plazma kwa sekunde 1,066 mwezi Januari, na WEST ya Ufaransa, ambayo ilikuwa Tore Supra kabla ya kuvishwa tangsteni, ikafikia sekunde 1,337 mwezi Februari. Ni mafanikio ya kweli. Lakini WEST ilipashwa kwa megawati 2, si 150, na mwaka mmoja una sekunde zaidi ya milioni 31. Zaidi ya hayo, mashine hizo hazina mvua ya nyutroni ambayo tanuri halisi litakuwa nayo. Nyutroni huzitoa atomu za tangsteni katika nafasi zake, huzigeuza baadhi kuwa reniamu na osmiamu, na kuifanya metali iwe dhaifu kama kigae cha udongo. Kwa ajili ya kulipima hilo ndiyo maana kituo cha IFMIF-DONES kinajengwa karibu na Granada, Hispania.

Sisi na ukuta huo

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya wenyewe. Si kabisa. China huchimba zaidi ya robo tatu ya tangsteni yote duniani, na Februari 2025 iliwekea masharti uuzaji wake nje. Miongoni mwa sehemu chache nyingine zenye madini hayo ni ukanda wetu wa Maziwa Makuu. Mgodi wa Nyakabingo nchini Rwanda ni mmojawapo wa migodi mashuhuri ya wolframu barani Afrika, na madini hayohayo yamo Kivu, Uganda na Burundi. Ni moja ya madini yaliyotajwa katika sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inayozitaka kampuni zieleze kama bidhaa zao zina madini yanayofadhili vita nchini Kongo.

Nisitie chumvi: leo tangsteni hutumika zaidi katika vyombo vya kukatia na kuchorongea kuliko katika matanuri ya majaribio. Ila ni vema tujue kwamba hadithi ya nishati safi haianzii Ufaransa wala haiishii maabara. Ina shimo mahali fulani, na mtu mwenye koleo ndani yake. Kati ya jiwe linalotoka shimoni na kigae kinachostahimili megawati 10 kuna ngazi ndefu ya elimu na viwanda, na karibu faida yote hubaki kwenye ngazi za juu.

Somo kwa anayeandika bajeti

Kuna pingamizi la haki dhidi ya hoja yangu. Mtu atasema: kama watangulizi wangengoja dohani kamili, hakuna moto ambao ungewashwa, na bila moto wasingejua dohani inahitaji nini. Ni kweli. Hali ya H iligunduliwa kwa kuwasha, si kwa kungoja. Sidai kwamba swali la majivu lizuie mwanzo wa kazi.

Ninachodai kinatokana na JET. Mashine hiyo iliokoka kwa sababu ilikuwa na nafasi ndani yake na ilijengwa ili ifunguliwe. Mwaka 1998 vigae vya dohani yake vilibadilishwa kwa mikono ya roboti, bila binadamu kuingia. Waliokosea kuiwasha bila dohani walikuwa wameacha mlango wa kujisahihisha. Tofauti kati ya mradi unaojifunza na mradi unaokufa mara nyingi ni mlango huo: fungu la fedha la matengenezo, mkataba unaoruhusu ubunifu ubadilike, na mtumishi anayeweza kuandika kwamba namba hazilingani bila kuhofia kazi yake.

Tatizo ni kwamba hakuna kiongozi anayekata utepe wa dohani. Utepe hukatwa mbele ya moto. Bwawa huzinduliwa, mchanga utakaolijaza hauzinduliwi. Hospitali hufunguliwa kwa ngoma, tanuri la kuchomea taka zake huachwa kwa mwaka ujao wa fedha. Wanafizikia wenye vichwa vikubwa na fedha nyingi walilijua tatizo la majivu mwaka 1951, na bado walijenga mashine kubwa ya Ulaya bila dohani miongo mitatu baadaye. Ikiwa wao waliahirisha, sisi tuna sababu zaidi ya kujichunga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakaposikia tena kwamba rekodi ya jua bandia imevunjwa, furahi, kisha uliza maswali manne. Ni megawati ngapi zilifika kwa kila mita ya mraba ya ukuta? Kwa sekunde ngapi? Ukuta ulikuwa wa nini? Na baada ya moto kuzimwa, ukuta ulikuwa umepungua kiasi gani? Ukishazoea kuyauliza kwa jua la Cadarache, hutashindwa kuyauliza kwa mradi ulio mezani kwako Jumatatu asubuhi.